Namna Mama Alivyosamehe

Karatasi iliyolowa mvua kisha ikakaushwa kwa moto wa makaa ina harufu yake, kama mkate ulioungua kidogo. Nikiisikia namkumbuka Tata Kazadi, mwalimu wetu wa Jumapili pale Kolwezi. Upepo uling'oa mabati ya nyumba yake, kitabu chake cha Kigiriki kikanyeshewa, naye akakikausha ukurasa kwa ukurasa kando ya mbabula, lile jiko la makaa, mkewe akingoja na sufuria ya bukari, ugali wetu, mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba, fundi umeme, alikuwa amehamia Kisenge kwenye mgodi wa manganezi, akaahidi kutuita. Hakutuita. Mwaka wa pili tukasikia ameoa. Wa tatu ikaja barua: yule mke ameondoka, yeye anataka kurudi. Wazee wa kanisa walimjia mama, wakamwambia Mkristo husamehe. Mama akajibu atawaza.

Mimi nilimtaka baba yangu. Kwa hiyo nilimwendea Tata Kazadi, maana mama alimsikiliza kuliko wale wazee.

"Mumuambie mama asamehe," nilisema. "Iko mu sala."

Tata Kazadi hakuwahi kujibu swali kwa kifupi. Alifungua kitabu.

"Ile neno, Bagiriki banasema afiemi. Ni kusamehe. Lakini iko na kazi mingi."

Akanionyesha: wavuvi walipoacha nyavu zao, ni neno hilo. Waacheni watoto waje, ni hilo. Homa ilipomwacha mama mkwe wa Petro, ni hilo tena. Alikuwa akifurahi kama mtu anayekuonyesha shamba lake. Kisha akafika kwenye barua ya Paulo, pale mume anapoambiwa asimwache mkewe. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Na hapa pia," alisema. "Enda umuambie mama yako vile nilikuambia. Yote. Usikate hata moja."

Mama alikuwa anachambua matembele. Nilimweleza yote kwa mpangilio. Aliniacha nimalize, halafu akauliza jambo moja tu.

"Ile homa, ilirudia?"

"Hapana. Aliamuka, akabapikia chakula."

Alichambua majani mengine mawili matatu.

"Basi, na mi iliniacha. Baba yako akuje, atakula."

Nilicheza uani mpaka nikachoka. Nilijua nimeshinda.

Baba alifika Jumamosi na sanduku lake. Mama alimpikia kuku, akamuuliza habari za kikohozi chake, akacheka aliposimulia jinsi treni ilivyolala Kasaji siku nzima. Baba alipomaliza kunawa mikono, mama alisema kwa sauti ile ile ya mazungumzo, akimwita kwa jina langu:

"Tata Ngoie, nilikusamehe. Sina kasirani na weye. Lakini nilikuacha. Sanduku italala kwa kaka yako."

Baba alinitazama mimi, Ngoie wake, kana kwamba naweza kulitengeneza lile neno. Nilitazama sahani.

Wazee walinung'unika kwamba huko si kusamehe. Walimwita Tata Kazadi awaeleze, naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajibu kwa kifupi: "Ni yenyewe." Jumatatu baba alirudi Kisenge. Mama alimfungia unga na samaki wakavu, akamsindikiza mpaka gari la moshi. Mimi nilikataa kumpa baba mkono. Mama alirudi nyumbani akalala usingizi mchana kutwa; mimi nilikaa mlangoni na hasira zangu.

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba mama yangu alikataa kusamehe. Niliamini hivyo, ingawa yeye alimtaja baba bila kugeuza uso, akamtumia salamu kila msafiri alipopatikana. Aliyeshindwa kulitaja jina lake nilikuwa mimi, niliyelia ili arudi. Baba nilimlaumu kwa kwenda, na mama kwa kumwacha aende.

Nilipokuwa na watoto wangu wawili nilipanda treni kwenda Kisenge. Nilimkuta baba amezeeka, amekonda. Aliuliza kwanza habari za mama. Nikamwambia ni mzima, anapata usingizi. Kisha nikampa ule mkono niliomnyima. Hakuuliza kwa nini nimechelewa.