Ubeti Ambao Kwamboka Alikataa Kuufuta

Madam Kwamboka alikuwa amefundisha Kiswahili miaka kumi na tisa katika shule moja karibu na Keumbu, na hakuwahi kubishana na mkubwa wake hata mara moja. Ndiyo maana mwalimu mkuu, Bwana Mogaka, alishangaa aliposikia, "Ubeti huo siuondoi."

Utenzi aliutunga mwenyewe wakati wa likizo, wanafunzi waje waughani kwenye tamasha la shule. Ulisimulia habari za mjakazi aliyeamriwa na mfalme achome ghala la kijiji jirani, naye akajibu:

Ng'ombe nitakulishia,
shamba nitakulimia,
boma nitakulindia,
ghala la watu sichomi.

"Tangu vijana waandamane dhidi ya serikali, kila kitu kinasomwa kwa jicho baya," Mogaka alisema. "Tumeshasemwa kwamba tunafundisha uasi. Ufute tu, Madam."

"Nikiufuta, mwalimu, mjakazi wangu atabaki mtu wa kulisha ng'ombe tu."

Siku tatu baadaye aliitwa kwa afisa wa elimu, Kisii mjini. Siku zote hizo hakula chakula cha maana. Mumewe, Onyancha, alimuuliza kama ubeti mmoja unastahili kumpotezea kazi.

Afisa, mzee aliyeitwa Thadeus, alimwomba ausome utenzi hadi ubeti ule. Aliusoma kwa sauti, akaishia hapo.

"Huyu mwanamke anataka kiti cha mfalme?" Thadeus aliuliza.

"Hapana, mzee. Kazi zote amezikubali. Amekataa moja, na amemwambia ana kwa ana."

"Halafu?"

"Anafukuzwa. Ukame unaingia, na watu wa mfalme wanalishwa kutoka ghala lilelile."

Thadeus alivua miwani. "Mimi niliambiwa kuna matusi kwa serikali. Aliyeniambia hata karatasi hakuniletea." Akaugongea utenzi mhuri wa ruhusa. "Mwambie atakayeghani asiukimbize ubeti huo. Wanafunzi hukimbia panapouma."

Kwamboka alishuka ngazi. Alimpigia Onyancha simu, akaanza kucheka kabla hajaeleza lolote.

"Basi nimeelewa," Onyancha alisema, naye akacheka. "Njoo nyumbani, mama."

Aliposhuka garini Keumbu alinunua kichana cha ndizi mbivu, akala nne palepale kando ya barabara. Wanafunzi wake walipita wakimwamkia. Aliwapungia mkono tu, mdomo umejaa.