Sauti za Mama Zilizofungiwa

Jirani yangu hapa Gondar, Tiruwork mshona mashela, alikuwa mwanamke wa saumu na sala, na katika maisha yake alimwonea wivu mtu mmoja tu: mdogo wake, Alganesh. Mama yao alipougua, Tiruwork ndiye aliyemwuguza, akamrekodi jioni baada ya jioni na kuziweka sauti hizo katika kompyuta. Kisha akazifunga kwa ufunguo wa siri, ili Alganesh akitaka kumsikia mama, aje kubisha hodi kwake.

Mama alifariki. Arobaini ilipokaribia, kompyuta iligoma, na fundi Mulatu akaiwekea mfumo mpya. Mafaili yalibaki, majina yakionekana yote, lakini hakuna lililokubali kufunguka.

"Ufunguo ulikuwa ndani ya mfumo nilioufuta, mama," alisema Mulatu. "Hukuniambia kama umefunga."

"Nani hutangaza alikoficha?"

"Basi bila nakala ya ufunguo, mimi nawe ni watazamaji. Hukuhifadhi popote?"

Alikuwa amehifadhi, katika flashi; na flashi hiyo, kwa kusahau, alimpa Alganesh ikiwa na picha za mazishi.

Akaenda kwa mdogo wake. Alganesh akaketi kukaanga kahawa, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya dunia. Tangu ugomvi wao wa zamani, Tiruwork alikuwa akiondoka pale baada ya kikombe cha kwanza, bila kungoja cha tatu, kile cha baraka.

"Flashi ipo," alisema Alganesh akimimina. "Kunywa kwanza, dada. Au hata leo cha tatu kina pilipili?"

"Mimina."

Kikombe cha tatu kilipokwisha, Alganesh aliitia flashi kifuani mwake. "Twende wote."

Nyumbani kwa Tiruwork, Mulatu aliurudisha ufunguo, na faili la kwanza likafunguka. Mama alikohoa, kisha akasema, "Tiruwork, Alganesh amekula?" Katika la pili aliuliza, "Alganesh bado hajaja?"

Alganesh alijifunika uso kwa shela. "Haya ndiyo uliyonifungia?"

"Ndiyo. Kijiko nilishika mimi, jina akataja lako."

Alganesh alimvutia dada yake kiti, wakasikiliza mpaka jua likazama.

Siku ya arobaini sauti za Mama zilichezwa uani mbele ya jamaa wote. Tiruwork alikaa karibu na spika kuliko mtu yeyote, na Alganesh alipokuja, alisogea kumpisha, lakini kidogo tu.