Kiazi Chekundu cha Jirani

Mimi nikipigiwa simu ya ng'ombe, chai siimalizi. Asubuhi ile nilikuwa kwangu Ilomba, na simu ilitoka kijiji cha mlimani, kwenye wakulima wa viazi ninaowahudumia mifugo yao. Mama mmoja alikuwa analia: ng'ombe wake mwenye mimba anachuruzika mate, na tumbo limevimba upande wa kushoto. Nikarukia bodaboda, dereva wa watu nikamgombeza kila kona.

Ng'ombe yule alikuwa wa kukopeshana. Ukipewa mtamba, ndama jike wake wa kwanza unampa jirani aliye kwenye zamu. Huyo jirani wa zamu nilimkuta bandani, mikono kichwani, analia kumzidi mwenye ng'ombe. Nikamwambia machozi hayatibu, ashike kamba.

Nikapapasa shingo. Loo, kitu kigumu kimekwama! Nilifurahi, nisiseme uongo, kwa sababu ukishakigusa, unajua pa kuanzia. Tukambana ng'ombe kwa mpini wa jembe mdomoni asining'ate, nikapaka mkono mafuta ya kupikia. Mwenye ng'ombe akawa anakisukuma kitu kile kwa nje, kutoka chini kwenda juu, mimi nakisubiri kooni. Kilipofika nikakivuta. Ng'ombe akatoa mbweu moja ndefu, tumbo likaanza kunywea, na mimi, mtu mzima niliyelowa mate mpaka kifuani, nikapiga vigelegele.

Kilikuwa kiazi kizima, chekundu. Mwenye ng'ombe akakiokota, akakifuta kwa khanga yake, akakitazama. Shambani kwake alipanda vyeupe tu. Vyekundu vilikuwa vya jirani.

Jirani hakusubiri kuulizwa. Alisema kila mwenzake akienda kuchota maji, yeye hupenya nyuma ya banda na viazi kwenye khanga, ili ndama azaliwe na afya. Akaonyesha tumbo la ng'ombe.

"Nilikuwa namlisha mwanangu," akasema.

Hasira zikanipanda. Ningekuwa mimi, pangechimbika. Nikajiweka katikati yao, tayari kuamulia.

Mwenye ng'ombe akaingia jikoni, akatoka na kisu. Nikashtuka. Akampita kila mtu, akamwekea jirani yake kile kisu mkononi, na kiazi juu yake.

"Kesho pita mlangoni," akamwambia. "Na umkatie vidogo vidogo."