Bega la Koplo

Niliwahi kumwonea wivu mtu aliyekatwa mguu, na sitaomba radhi. Anayetaka kunicheka acheke, ila kwanza aje anishikie ngazi.

Mume wangu ni mpaka rangi. Mtaani wanamwita Koplo kwa sababu alikuwa askari, na mpaka leo anatembea utadhani kuna mtu nyuma yake anamhesabia kushoto kulia. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua hakuna ukuta unaomshinda. Anaziba nyufa, anapiga msasa, anapaka rangi ya kwanza na ya pili, na ukipitisha kiganja unahisi unapapasa sahani. Matata yako juu ya hapo. Mkono wake wa kulia ukifika kifuani unatetemeka na kugoma. Akiulazimisha, jasho linamtoka kwenye paji la uso na anaanza kupiga mluzi. Mluzi ndiyo njia yake ya kulia. Mkono wa kushoto aliujaribu, akampaka rangi mwenye nyumba.

Kwa hiyo nusu ya juu ni yangu. Nyumba nyingi za mtaa huu chini kapaka yeye, juu nimepaka mimi, na tunapokutana huoni mstari, maana ananisimamia hapo chini akipiga kelele, "Vuta brashi, mama watoto! Vuta, usichape!" Wateja wana utani wao, kwamba Koplo hakuoa mke, alioa ngazi. Nacheka nao kwa sababu ndio wanaotulisha. Lakini magoti yangu siku hizi yanalia kuliko bawaba za mlango, na mwaka jana nilianguka na kopo zima la rangi ya samawati. Nilijua kwamba nikianguka tena vibaya, ndiyo mwisho wa kazi yetu.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ni Dereva. Jina hilo alitoka nalo jeshini, walikokuwa kikosi kimoja na mume wangu, akiendesha malori. Hana mguu wa kulia kuanzia chini ya goti, na kila mwezi anapokea fidia ya ulemavu inayolipwa askari walioumia kazini. Wangeishia hapo ningenyamaza. Ofisi ya askari wastaafu ikamletea na kiti cha magurudumu. Kisha wakaja mafundi, wakavunja ngazi za mlangoni kwake na kumwaga mteremko wa saruji, laini, wenye vyuma vya kushikia kushoto na kulia, ili kiti kipande bila taabu.

Mteremko ule ulinitoa roho. Nilikuwa napita hapo kila asubuhi, ngazi begani, kopo mkononi, na macho yangu yanakwenda yenyewe tu kwenye saruji, wala siyaamuru. Siku moja nikamkuta mke wake, ambaye ni shoga yangu, ameinama anausugua kwa sabuni. Mwanamke ana nafasi ya kuogesha saruji!

"Wewe una bahati, mwenzangu," akaniambia huku akijinyoosha kiuno. "Mumeo mzima."

Nilicheka kwa meno. Rohoni nilikuwa nawaka. Mzima! Mtu ninayemvika shati mimi, ninayemchana nywele mimi, asiyeweza kujikuna kisogo? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nikajisemea, na nikaondoka kabla ulimi haujaniponza.

Na mimi nilikuwa afadhali. Koplo mwenyewe alishakonda kwa kijicho. Jioni alikuwa anaweka kiti chake mahali ambapo anauona mlango wa Dereva, halafu analalamika kwamba anauona.

"Mguu uliokatwa unajieleza wenyewe," alikuwa akisema. "Anaingia ofisini, watu wote wanampisha. Bega langu mimi mpaka nilipigie debe."

"Kwa hiyo unataka ukatwe mguu?"

"Mguu wa nini? Mkono. Ungekatika kabisa siku ile, leo tungekuwa watu."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Siku hiyo anayoisema, lori la Dereva lilipinduka wakivuka mto. Wenzao waliokuwa nyuma walirushwa majini wakatoka na michubuko. Dereva alibaki chini, mguu umebanwa na mlango, maji yanampanda kifuani. Koplo akaingiza bega chini ya ubavu wa lori na kuinua. Si kwamba lori liliinuka, chuma ni chuma, lakini lilijongea kiasi cha wenzake kumvuta Dereva akatoka. Koplo alisikia kitu kimelia begani kama kuni kavu. Jioni kamanda akawapanga mstari na kumuuliza kila mmoja hali yake. Mume wangu, mkono umening'inia kama tai ya shingoni, akajibu walivyofundishwa kujibu tangu siku ya kwanza.

"Mzima, afande!"

Wakaandika hivyo, mzima, na neno hilo ndilo limetuandama. Kila alipoomba fidia, bodi ya fidia za askari ilimjibu kwamba siku ya ajali alikuwa mzima, basi hilo bega ameliharibia kwenye rangi. Ikabaki rufaa ya mwisho. Wakasema safari hii alete mtu aliyekuwepo aeleze alichokiona, na daktari wa bodi atapima mkono mbele ya wote. Nani aliyekuwepo zaidi ya aliyetolewa chini ya lori?

"Sitaki," Koplo akasema.

"Hutaki nini?"

"Sitaki anisemee. Akae pale kwenye kiti chake cha serikali, aanze kunionea huruma?"

"Atasema ukweli tu, baba."

"Ukweli wake una magurudumu. Mtu aliyeshiba hamwombei mwenye njaa."

Nikamwambia kiburi chake akipande yeye ngazini, maana mimi nimechoka kukipandia. Akapiga mluzi. Kesho yake nikapiga moyo konde, nikaupanda ule mteremko kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzuri kuukanyaga, na hilo nalo liliniudhi. Nikamweleza Dereva shida yetu.

"Shemeji," akasema, "nimengoja mniite siku zote hizi. Nikipita ananigeuzia uso. Nikadhani ananichukia."

"Hakuchukii. Anakuonea wivu tu."

"Wivu?" Akautazama mguu wa suruali uliokunjwa na kubanwa kwa pini. "Haya. Nitakuja."

Tulijiandaa kama watu wa mtihani. Usiku wa kuamkia bodi nilijifanya daktari, nikamkalisha Koplo kitandani. "Inua mkono." Akainua kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka, akaupita usawa wa kifua, halafu akanitazama kama mtoto anayengoja kusifiwa.

"Wewe mwanamume una wazimu? Unataka kuwaonyesha unaweza?"

"Umesema inua."

"Inua mpaka panapouma, kisha simama! Useme panauma. Mdomo unao."

"Askari hasemi panauma."

"Askari alishastaafu. Aliyebaki ni mpaka rangi wa nusu ukuta."

Lilimwuma hilo, nikaliona linamwuma. Lakini alirudia zoezi mpaka akaweza kusema "panauma" bila kujikaza, na nikalala nikiwa na matumaini kidogo.

Asubuhi Dereva alitukuta getini kwa bodi, amenyoa, viatu vinang'aa. Namaanisha kiatu. Tukakaa kwenye ukumbi mrefu wenye benchi za mbao, pamoja na askari wengine wa zamani. Huyu anakohoa, yule ana jicho moja. Kila mmoja alikuwa anampima mwenzake kwa pembeni kuona nani kaumia zaidi. Wivu wa hospitali huo, nikasema moyoni, nikamtazama mwenye jicho moja nikaona ana uhakika wa kupata. Ukuta wa ukumbi ulipakwa na mtu asiyejua kazi, michirizi mpaka chini. Koplo aliutazama kwa uchungu kuliko alivyomtazama Dereva.

Tukaitwa. Mezani alikuwepo karani, pamoja na daktari ambaye ni mama kijana mwenye sauti ya taratibu. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa kitupu. "Mwenyekiti anakuja, tuanze," daktari akasema. Dereva akaeleza. Sikujua kama anaweza kueleza hivyo. Alieleza maji yalivyomfika kidevuni, na uso wa Koplo ulivyokuwa karibu na wake, na alivyomsikia akipiga mluzi chini ya lile lori. Karani aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

Kisha daktari akasimama na kipimo chake, akamwomba Koplo ainue mkono. Mkono ukafika kifuani, ukatetemeka. "Panauma," mume wangu akasema, vizuri kabisa, mpaka nikataka kumpigia makofi. Daktari akausukuma polepole juu zaidi, jasho likamtoka Koplo, mluzi ukaanza. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma na kumwambia karani aandike. Mimi nilikuwa nimeshashuka ngazini. Nakwambia ukweli, nilishaanza kuiuza ile ngazi kichwani mwangu, namfikiria na mnunuzi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwenyekiti, kanali mstaafu, mzee mrefu mwenye mvi. Alivaa suti ya kawaida, lakini kanali ni kanali hata akivaa taulo. Chumba kizima kikasimama. Na Koplo, mume wangu, Koplo wangu niliyemvika shati asubuhi ile ile, akagonganisha visigino, akakakamaa, na mkono wa kulia ukaruka. Ukapita kifua, ukapita bega, ukafika kwenye paji la uso na kubaki hapo, vidole vimenyooka. Saluti safi kama ya siku ya gwaride.

Nikasikia mluzi mdogo sana.

Kanali akaitikia. Koplo akashusha mkono, midomo imekuwa ya majivu. Daktari akamwangalia, akaangalia kipimo chake, akamwangalia tena.

"Mzee wangu," akasema, "si mkono huu niliopima sasa hivi?"

"Amejilazimisha!" nikapayuka. "Anaumia, mtazameni alivyo!"

"Mama, tulia." Daktari hakuwa mkali. Alimgeukia kanali. "Afande, mwulize wewe. Akisema ana maumivu nitapima upya."

Mlango ulikuwa bado wazi, ndugu msomaji. Neno moja tu. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi usiku uliopita. Kanali akamsogelea mume wangu, akamuuliza kwa upole, "Koplo. Unaumwa?"

Nilimfinya mgongoni.

"Mzima, afande!"

Dereva alifumba macho. Kanali alimtazama mume wangu usoni, nikaona kwamba anajua anaumwa. Lakini kujua si kupitisha. Alikaa kwenye kiti chake na kusema kwamba bodi haiwezi kumpa mtu fidia ya ulemavu wa mkono aliotoka kupigia saluti mbele ya bodi hiyo hiyo, na maumivu akayakanusha mwenyewe. Rufaa imekwisha. Alisema pole, na nadhani ilimtoka moyoni.

Ukumbini ndipo nilipopasuka. Sikumbuki yote niliyosema. Najua nilimwita Koplo sanamu, nikamwambia aliyemwangusha si lori wala bodi, ni mkono wake mwenyewe, na kwamba jeshi lilimwachia ugonjwa mmoja tu nao ni adabu. Yeye aliegemea ukuta ule wa michirizi, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kama anambeba mtu. Basi nikamgeukia Dereva, maana hasira lazima itue mahali. Nikautazama ule mguu wa suruali uliobanwa kwa pini, na wivu wangu wote nikamwagia yeye.

"Wewe umestarehe," nikamwambia. "Wewe hawakupimi. Hawakuulizi kama unaumwa. Unakaa tu."

"Ndiyo, shemeji," Dereva akasema. "Nilikaa."

Akasugua gurudumu kwa kidole gumba.

"Alipoingia afande mlisimama wote. Karani alisimama. Daktari alisimama. Huyu akapiga saluti ambayo mimi naiota usiku. Nami nikasukuma mikono kwenye kiti, mwili ukainuka kidogo, ukarudi." Akamtazama Koplo. "Usikasirike, ndugu yangu. Nilikuonea wivu mpaka nikaona kizunguzungu. Hata wakati unaharibu kila kitu, nilikuwa nakuonea wivu."

Kisha akanigeukia mimi, bila ubaya wowote.

"Hata wewe ulisimama, shemeji. Wewe hukuwa hata jeshini."

Ndipo nilipogundua kwamba bado nimesimama, nimemwinamia, mikono kiunoni, na yeye ameinua shingo kunitazama kama anavyoinua kwa kila mtu.

Koplo alikaa kwanza. Alijishusha kwenye benchi kando ya kile kiti, mluzi ukimtoka, bega lake bovu likagusana na bega la Dereva. Na mimi nikakaa.