Mwizi wa Sebuleni Kwangu Kasulu

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Kibondo ipasuke inimeze pamoja na kiti changu, na mpaka sasa nikipishana na mtu aliyekuwa ukumbini najifanya nasoma simu. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana wenye midomo watatia chumvi, na mkasa huu chumvi yake inatosha.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye shirika moja linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nduta. Kazi iko Kibondo, nyumba iko Kasulu, mke wangu ni muuguzi pale hospitali ya Kabanga, na likizo yake ya uzazi ilipoisha mama mkwe akaja kutoka Nyakitonto kumlea Devota wetu. Sasa sisi tuliolelewa Kiha, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali: humkazii macho, huli naye sahani moja, na jina lake hulitamki hata kidole kikibanwa na mlango. (Watumishi wanaohamishiwa huku kutoka mikoa mingine huona tunajitesa bure.) Mimi nikiwa Kibondo na yeye Kasulu, heshima ilikuwa inajiendesha yenyewe.

Basi shirika likatangaza nafasi Kasulu, ya mtu wa kuunganisha kompyuta za ofisi zote ili zifunguliwe kutokea mbali bila kuibiwa chochote. Mnaelewa nilivyoitaka ile nafasi. Mwanangu alikuwa akiniona analia kama kaona mtu wa chanjo, na hilo liliniuma kweli. Ili bosi aone kwamba naiweza kazi, nikaanza na kompyuta yangu ya nyumbani: nikaiwekea njia ya siri ya mtandao, nenosiri refu ambalo hata mimi nalikosea, na namba ya kuthibitisha inayokuja kwenye simu yangu peke yake. Akabaki binadamu, maana sisi mafundi tunasema mlango mbovu kuliko yote ni mtu, na binadamu aliyeshinda na ile kompyuta alikuwa mama mkwe, kwa kuwa niliiunganisha na televisheni kubwa ya sebuleni aangalie kwaya zake. Nikampa somo, nimegeukia ukutani kwa adabu.

"Mama, ukiona mshale unatembea wenyewe kwenye skrini, huyo ni mwizi. Atasema ni mimi, usimwamini. Atakupigia simu kwa namba yangu, usipokee."

"Na ukiwa wewe kweli?"

"Nitakuambia mapema, mama."

Siku ya kuonyesha ikafika, ukumbi umejaa, bosi wetu (mama mmoja wa Tanga, mpole, wa kumwita kila mtu "baba" na "mwanangu") amekaa mbele, nami nikajiambia faili moja tu, dakika mbili, kuna haja gani ya kumsumbua mama wa watu kwa taarifa? Nikaingia. Nenosiri, namba, faili hilo hapo ukutani kubwa, watu wakapiga makofi. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini makofi nayo ni pombe, nikasema, "Na si faili tu, hata sebule yangu naiona!" nikawasha kamera na sauti yake.

Mama mkwe wangu huyo ukutani, amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, kanga moja, kichwa wazi, anachambua maharage mbele ya shirika zima.

"Yebaba we," akasema Ntahondi, Muha mwenzangu, huku akifunika macho, "si mkweo huyo?"

Nikakimbiza mshale kuzima kamera, mtandao ukaanza kusuasua, mshale ukawa unarukaruka tu. Kule Kasulu kwaya ilikuwa imekatika na mama anajiona mwenyewe kwenye televisheni yake, na juu ya uso wake mshale unatembea. Somo langu alilishika vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Akajitupia kanga kichwani akapiga induru, na kwetu induru ikilia mtu anaacha tonge mkononi. Mara sebule imejaa majirani, Baba Neema mbele na panga, wote wanatukazia macho sisi tuliokaa ukumbini.

"Baba, hao ni akina nani?" bosi akauliza.

"Majirani, bosi. Ni watu wazuri sana."

Nikapiga simu. Mama akaiinua juu kila mtu aione. "Mmeona? Anapiga kwa namba ya mkwe wangu! Aliniambia atafanya hivi!" Nikafungua ukurasa, nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA NI MIMI, BABA DEVOTA. Baba Neema akasoma kwa sauti, na mama akapiga kofi la ushindi, "Na hilo pia aliniambia!"

"Tuipasue hii televisheni?" akauliza Baba Neema, panga limepanda, na ile televisheni bado nailipia kidogo kidogo.

"Ngoja," mama akasema. "Kama kweli ni Baba Devota, aandike jina langu."

Jamani, bosi ananiangalia, panga liko hewani, na hiki kichwa changu cha kifundi kikaona swali la usalama, na swali la usalama linajibiwa. Nikaandika. Nikaandika yote, la ubatizo na la ukoo. (Hapa silitaji, mnanitakia nini?) Baba Neema akalisoma kwa sauti ya mnada. Ntahondi akasimama, akatoka nje.

"Mmesikia wenyewe," mama akasema taratibu. "Mkwe wangu angekufa kwanza." Akachomoa waya.

Bosi alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, mfumo wako ni imara. Hata mwenye nyumba kafukuzwa." Nafasi nikapewa. Ya Kasulu. Ya kwenda kuishi kwenye nyumba ileile.

Jioni mke wangu akapiga, mama anataka kujua alikuwa nani. Nikisema ni mimi, nimemtaja mama mkwe mbele ya mtaa; nikisema ni mwizi, fundi wa usalama kaingiliwa kwake. "Mwambie alikuwa mwizi," nikasema, na mtaa mzima ukanipa pole, na mteja mmoja niliyekuwa namtengenezea laptop nje ya kazi akaja kuichukua kimyakimya.

Nilipofika na begi langu mama alikuwa uani, kanipa mgongo kama inavyotakiwa.

"Pole na yule mwizi, Baba Devota."

"Asante, mama."

"Ukimkamata usimpige. Mwambie tu, aliyemtaja mkwe wake mbele za watu huja na kitenge na mbuzi." Akapepeta maharage kidogo. "Mbuzi jike."

Nikajibu kwamba mwizi amesikia. Mbuzi yuko uani sasa hivi, analia kuliko Devota. Nenosiri nilikuwa nalo, namba ya kuthibitisha nilikuwa nayo, ila hodi sikupiga, na tangu siku hiyo sigusi kompyuta ya mtu yeyote, hata yangu, kabla sijasikia karibu.