Sarojamma Aficha Simu Asisikie Msiba

Kwa miaka thelathini na mitatu Sarojamma aliwasafirisha watu kila pembe ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India, na yeye mwenyewe hakwenda popote. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha kioo kwenye stendi ya mabasi ya mji wa Hassan, kipaza sauti mdomoni, akitangaza basi la wapi linaondoka saa ngapi. Udupi, Karwar, Bidar, Madikeri: majina hayo aliyataja kwa sauti tamu hata wapo abiria walioachwa na basi kwa kumsikiliza. Lakini ungemwuliza Bidar kuna nini, angekujibu kuna basi la saa kumi na mbili unusu jioni. Mbali zaidi alikowahi kufika ni Bengaluru, kwenye harusi mbili, na zote mbili alizimalizia jikoni akikuna nazi.

Alipostaafu walimvisha shali na shada la maua, wakapiga picha, wakarudi kazini. Wiki hiyohiyo akabandua ukutani kalenda ya zamani ya duka la vito, akaigeuza nyuma, akaichora Karnataka nzima kwa penseli bila kutazama popote. Kusema kweli haikufanana na Karnataka, ilifanana na fenesi lililoangukia jiwe. Lakini miji yote ilikuwemo, na kila mji aliuandikia saa za mabasi yake, maana sasa alitaka kwenda kuiona mwenyewe.

Mwenzake wa safari alikuwa Shamshad, muuza bangili wa pale stendi, rafiki yake wa miaka ishirini. Shamshad alikuwa na mdomo usio na mlango, na ndiyo sababu Sarojamma alimpenda. Walikaa kibarazani kwa Sarojamma asubuhi tatu mfululizo, kalenda sakafuni, kahawa pembeni, wakagombania njia kama wanaogawana urithi.

"Tukitoka Hampi tunapanda Vijayapura, halafu Kalaburagi kwenye dargah, kaburi la walii," alisema Shamshad. "Hapo mimi sibanduki, akka, dada yangu."

"Na mimi Udupi sibanduki."

"Nani kakubandua? Udupi wewe utaingia kwa Krishna wako, mimi nitakaa nje nile dosa. Kalaburagi tutaingia wote. Sasa nani mwenye roho nzuri hapo?"

Walicheka hadi jirani akachungulia. Hofu ya Sarojamma ilikuwa tumbo. Kule kaskazini watu wanakula mikate ya mtama, na yeye tangu azaliwe hajapitisha siku mbili bila donge la ugali wa wimbi, kwa hiyo akafunga kilo mbili za unga wa wimbi ndani ya shali ya kustaafu. Shamshad akamuuliza kama ataipika sima kwenye kiti cha basi. Hofu ya pili ilikuwa lugha. Kikannada walikuwa nacho wote wawili, Shamshad ana Kiurdu cha kuwatosha hadi Bidar, lakini huko pwani ya Kitulu wangekuwa mabubu. Sarojamma akamkamata kondakta mmoja wa Mangaluru, akamlazimisha amfundishe sentensi tatu, akawa anazikariri akiosha vyombo: ni bei gani, choo kiko wapi, na sisi si dada, tunafanana tu. Hiyo ya tatu ilikuwa ombi la Shamshad. Hawakufanana hata kidogo.

Furaha ilimjaa mwanamke yule hadi usingizi ukamkimbia. Alikuwa na miaka sitini na anajaribu viatu vipya chumbani kama bibi harusi. Mwenda bure si mkaa bure, alimwambia kila aliyemuuliza anakwenda kufanya nini huko kote. Lakini hakuwa anakwenda bure. Safari nzima ilishikwa na msumari mmoja, nao ni Talakaveri, mlimani Kodagu, mahali mto Kaveri unapozaliwa. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi, kwa siku na saa iliyopigiwa hesabu kwenye panchanga, kalenda ya Kihindu, maji hububujika ndani ya kisima kidogo cha hapo na watu wakasema Mama Kaveri amekuja. Sarojamma alitaka kuwa pale saa hiyo, ajaze chupa kwa mkono wake. Mwaka huu ilikuwa tarehe kumi na saba, mchana. Akahesabu kurudi nyuma, mji kwa mji, akapata kwamba ni lazima waondoke jioni ya tarehe saba. Na si mwaka mwingine, maana binti wa Shamshad alikuwa mjamzito wa miezi minane, na mjukuu akishafika, bibi hatatoka tena nyumbani.

Tarehe nne ikaja habari kwamba Mzee Javarappa yuko hoi.

Javarappa alikuwa baba mdogo wa marehemu mumewe Sarojamma, mwenye miaka themanini na minne, anakaa na mwanawe kijijini, mwendo wa nusu saa kutoka mjini. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu ya sutaka. Mtu wa ukoo akifa, ukoo mzima unaingia sutaka siku kumi na moja: huingii hekaluni, hugusi maji matakatifu, hubebi hata ua la mungu. Mzee akikata roho wiki hiyo, Udupi imekwisha na Talakaveri imekwisha. Ila sheria hii ina kidirisha chake, na hakuna mwanamke wa Hassan asiyekijua. Hesabu inaanza pale unaposikia. Asiyesikia hana sutaka.

Basi Sarojamma akaamua asisikie.

Simu ilipolia na jina la Hemavati, mkamwana wa mzee, likatokea, hakupokea. Ikalia tena jioni. Kesho yake ikalia mara nne. Akaitia ndani ya pipa la mchele, akaweka kifuniko, na juu ya kifuniko akaweka jiwe la kusagia, utadhani simu ina miguu. Dirisha la upande wa barabara akalifunga ili jirani asije akamrushia pole. Hata gazeti akaacha kusoma, maana watu hutangaza vifo humo.

Aibu ilimla, tusimfichie. Huyu Javarappa hakuwa mzee wa kuhesabiwa tu kwenye harusi. Alikuwa dereva wa basi. Mumewe Sarojamma alipofariki, mke akiwa na miaka ishirini na saba, ukoo ulikaa kikao ukaamua mjane abaki nyuma ya nyumba, apike na anyamaze. Javarappa hakubishana na mtu. Asubuhi moja alimpandisha kwenye basi lake, akamshusha stendi, akampeleka kwa mkubwa wa kituo akasema, huyu ana sauti. Miaka minane iliyofuata Sarojamma alitangaza basi la Javarappa, na mzee alikuwa akipiga honi mbili kila akitoka langoni, kumwambia nimesikia. Sasa huyohuyo ndiye aliyefungiwa ndani ya mchele.

Asubuhi ya tarehe saba Shamshad alikuja na begi lake kuhakikisha vitu vimekamilika. Akasikia jikoni kuna kitu kinaunguruma chini ya jiwe.

"Akka, mchele wako una tumbo?"

Sarojamma akamweleza yote, macho sakafuni. Shamshad hakucheka. Alimwambia wazi kwamba kumkimbia mtu anayekufa ni jambo baya, na kumkimbia kwa pipa ni jambo baya na la kijinga. Kisha akaondoa jiwe, akaingiza mkono hadi kiwiko, akaitoa simu inadondosha punje. Ilikuwa imepigiwa mara kumi na moja tangu alfajiri.

"Usiniambie," alisema Sarojamma, akaziba masikio kwa viganja. "Kama amekwenda, usiniambie."

"Mimi si wa ukoo wenu. Mimi naruhusiwa kusikia."

Akapokea. Akasikiliza kwa muda, akaitikia mara mbili, akashusha simu. Uso wake haukusema kitu, na kwa Shamshad hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu. Sarojamma alikuwa amefumba macho, machozi yameshaanza. Wakati huo, niamini mimi, safari ilikuwa imemtoka moyoni kabisa. Alichokiona ni dereva mwenye sharubu akipiga honi mbili.

Shamshad akamshika mikono akaishusha kwa nguvu.

"Yu hai. Anakuita kwa mdomo wake mwenyewe, siku ya tatu leo. Vaa viatu."

Walikodi riksho ya magurudumu matatu hadi kijijini. Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba uani, juani, amekonda hata shuka ilikuwa nzito kwake. Hemavati aliwapokea kwa baridi, kama ilivyostahili. Sarojamma akainama akagusa miguu ya mzee, lakini kabla hajaomba radhi mzee akamwahi.

"Nasikia leo jioni unaondoka," alisema Javarappa. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ya dereva. "Unaanza wapi?"

"Hampi, baba. Lakini siendi tena."

"Nani kakuuliza kama unakwenda? Nimekuuliza unaanza wapi. Karwar mmeiweka?"

"Tumeiweka."

"Mkitoka Karwar kushuka kusini, kaeni kulia, nyuma ya dereva. Bahari yote iko upande huo. Wajinga hukaa kushoto wakaangalia minazi. Siku tatu nakupigia nikwambie hilo tu, hupokei."

Shamshad akageuza uso akajifanya anatazama kuku. Sarojamma akalia, akasema ukweli wote uliokuwa kwenye pipa, wa sutaka na wa kisima cha Kaveri, mbele ya Hemavati na kila mtu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Wala hakushangaa.

"Nilijua," alisema. "Ningekuwa wewe ningezima kabisa. Sasa sikiliza. Hawa nimeshawaambia. Nikienda kabla hujarudi, hakuna wa kukupigia, wala wa kukuandikia, wala wa kutuma mtu. Utasikia ukishafika nyumbani na chupa yako. Utaoga, utalia, yatakwisha."

"Baba, nitajuaje kama..."

"Hutajua. Ndiyo maana yake." Akanyoosha mkono uliokuwa mifupa mitupu. "Nipe simu yako. Nipe. Watu wa ukoo huu wana midomo. Ikikaa kwangu, wote wataongea na mimi. Wewe tumia ya huyu rafiki yako, na kila mji mtakaofika nipigie uniambie palivyo."

Sarojamma aliishika simu kifuani, hakuiachia.

"Na siku usipopokea?"

"Mzee amelala," alisema Javarappa. "Siku hizi nalala sana. Mzee kulala si msiba."

Hemavati, ambaye hadi hapo alikuwa amekunja uso, akafuta macho kwa ncha ya sari, akaingia ndani, akatoka na donge la ugali wa wimbi na mchuzi wa maharage akawawekea wageni mbele. Wakala. Sarojamma akamwachia mzee simu kiganjani, akainama kwa mara ya pili, safari hii kwa muda mrefu.

Jioni wakapanda basi la Hosapete, mji wa jirani na Hampi. Sarojamma alikaa dirishani kama mtoto wa darasa la kwanza, akamhesabia Shamshad kila stendi kabla haijafika, hadi Shamshad akamtishia kuhama kiti. Asubuhi walikuwa Hampi, miamba ya rangi ya mkate uliookwa imepangana hadi upeo wa macho, hekalu katikati, tembo anaoshwa mtoni. Sarojamma alisimama mdomo wazi, akamshika mwenzake mkono, akasema nipe simu, nipe, nipe.

Akapiga namba yake mwenyewe. Ikalia mara moja, mara mbili. Mara ya tano Shamshad akaacha kutafuna. Mara ya saba Sarojamma akawa anajisemea kimoyomoyo, amelala, mzee amelala tu. Mara ya tisa ikapokelewa, ikakohoa.

"Nilikuwa natafuta kitufe," alisema Javarappa. "Haya. Hapo mbele yako kuna nini?"

Sarojamma akaketi juu ya jiwe, akaanza kumwambia.