Kisiwa cha Kuagia

Enzi za Mwingereza, nilipokuwa mtoto ambaye hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka, hakuna mtu wa kwetu aliyesafiri mbali bila kupita kisiwani. Kilikuwa kisiwa kidogo tu katikati ya Mto Ruhuji, mwendo mfupi kutoka Njombe mjini. Wazee walizikwa humo, kwa hiyo hapakukatwa hata kijiti cha kuni, na miti yake ilizeeka mpaka ikaota ndevu.

Baba alipojiandikisha kwenda kukata mkonge Tanga, bibi, mama yake mzazi, alitaka kwanza twende naye kisiwani. Mama alikuwa na kichanga, akamuagia nyumbani.

"Mama, mimi ni Mkristo," baba alisema.

"Mkristo naye ana babu," bibi akajibu.

Tulivuka asubuhi kwa kukanyaga mawe, mimi mgongoni kwa baba. Kipupwe kilikuwa kimeshaingia na maji yaliuma miguu. Ndege wenye mabawa mekundu walikuwa wakirukaruka juu yetu. Bibi alinyunyiza unga wa ulezi chini ya mti, akasema "kamwene," kama anavyosalimia mtu majirani zake, kisha akatutajia waliolala pale: huyu alifua chuma, yule aliimba mpaka watu wakasahau kula. Baba, aliyekuja shingo upande, alivua kofia. Mwishowe alikuwa akiuliza maswali kunizidi.

"Sasa tangulia," bibi akamwambia. "Usigeuke mpaka ufike barabarani. Anayegeuka huuacha moyo huku, na mwili peke yake haujui njia ya kurudi."

Baba akabeba kifurushi chake, akavuka. Alipofika ng'ambo alisimama kitambo, ametupa mgongo. Halafu akageuka. Alitutazama bila kupunga mkono. Nilisikia vidole vya bibi vikinibana begani. Baba akashika njia ya Makambako, yalikokuwa malori ya kubeba manamba, vibarua wa mkonge.

Hakurudi. Mwaka uliofuata jirani aliyekuwa naye kambini alikuja kutuambia kwamba homa ilimchukua, wakamzika hukohuko. Nilimuuliza bibi kama ni kwa sababu aligeuka.

"Alipogeuka nilifurahi, mjukuu wangu," akasema. "Mungu anisamehe. Nilifurahi."

Sikumwelewa, hadi nilipoanza kuwasindikiza wanangu mwenyewe hapa Makambako. Gari likiondoka nawaombea wafike salama, huku nikitamani wanitazame mara moja tu.

Siku hizi namkumbuka baba kuliko nilivyomkumbuka ujanani. Sauti yake imenipotea. Uso ninao, ule wa ng'ambo ya mto, na sina mwingine. Angemtii mama yake, ningebaki na mgongo.